Kushuka na Msimbazi: kutoka msitu wa Pugu hadi mikoko ya Salenda

Kila masika, Jangwani, bonde lililo katikati ya Dar es Salaam, ikijaa maji na barabara ya Morogoro ikafungwa, jiji zima huzungumzia Jangwani. Mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mpima ardhi, tulitaka kuyafuata maji hayo tangu yanakotoka. Tukaamua kuushuka mto Msimbazi wote, kilomita 35 hivi, kutoka vilima vya Kisarawe na Pugu hadi unapoingia baharini kwenye daraja la Salenda. Tulitembea mwanzoni mwa Machi, joto likiwa bado kali na masika yakiwa hayajashika. Palipokuwa na kingo za kupitika tulipita kingoni. Palipozibwa na kuta za watu tulizunguka kwa bajaji na daladala. Haya ndiyo niliyokuwa naandika kila jioni.

Jumatatu. Kisarawe na msitu wa Pugu

Hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi iko mwendo mfupi tu kutoka Kisarawe mjini. Mtu anayeishi Kariakoo haamini kwamba msitu kama huu uko karibu naye hivi. Tulipita kando ya bwawa la Minaki asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka, tukaingia ndani na mzee mmoja anayeongoza wageni. Nilimwomba atuonyeshe mahali Msimbazi unapoanzia. Akacheka kwa upole.

"Mwanangu, huu mto hauna mlango. Unaanza kila mahali."

Alitupeleka kwenye korongo dogo lenye udongo wa baridi na majani makubwa. Hapakuwa na mto wowote wa kuonekana. Palikuwa na unyevu tu, halafu hatua chache mbele vidimbwi viwili, halafu mchirizi usiozidi upana wa kiganja. Maji hayo, alisema, ni ya mvua za vuli. Yamekuwa ardhini tangu Desemba na ndiyo kwanza yanatoka.

Mdogo wangu alikuwa amebeba dumu la maji na chupa ya lita moja na nusu. Alimimina chupa ya kwanza kwenye njia ya wageni, pale udongo ulipokanyagwa mpaka ukakakamaa. Maji yalitambaa juu juu, yakabeba vumbi na vijiti, yakateremka hatua tano sita kabla ya kupotea. Akasogea pembeni chini ya miti, akajaza tena chupa, akaimimina yote mahali pamoja juu ya majani makavu. Majani yalilowa, basi. Hakuna tone lililotoka nje ya eneo la sahani moja.

Nilipiga magoti nikachimbua kwa vidole. Juu kulikuwa na majani ya mwaka huu, mazima. Chini yake majani ya zamani, meusi, yaliyoshikana na nyuzi nyeupe za uyoga. Kisha vimizizi vyembamba vingi mno, vimefumana, na udongo unaomong'onyoka wenye harufu ya mvua. Kidole kilizama chote bila kulazimisha. Mvua inayonyesha humu hupigwa kwanza na matawi, ikatua kwenye majani, ikashuka kwa njia ya mizizi, na ikabaki chini kwa siku na wiki. Wataalamu wa miji huita mambo haya miundombinu ya kijani na buluu: miti, nyasi, ardhioevu, mabwawa na mito ikifanya kazi ambayo tumezoea kuipa zege. Hapa Pugu hakuna mkandarasi aliyeijenga. Ipo, inafanya kazi, na inachotuomba ni tusiikate kwa ajili ya mkaa.

Tulitoka jioni kwa upande wa mapango ya popo na machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe. Ukiukanyaga ukiwa umelowa unateleza, na maji hukaa juu yake bila kupenya. Niliandika hilo, maana si kila udongo wa vilima hivi una uwezo sawa wa kunywa. Kuna mahali utachimba shimo la kunyonya maji na halitakunyonyea kitu.

Jumanne. Pugu Kajiungeni hadi Ulongoni

Mto sasa una jina na una sura. Pia una malori.

Kutoka Pugu kuelekea Ulongoni kingo zimeliwa pande zote mbili na wachimba mchanga. Tulikuta vijana wanne na makoleo, wamesimama ndani ya maji hadi mapajani, wanapakia. Mmoja aliongea nasi bila kuficha.

"Dada, mvua ikipiga usiku mmoja, mchanga unarudi wenyewe. Sisi tunauokota tu."

Ni kweli unarudi, lakini unarudi kutoka mashambani na viwanjani mwa watu walioko juu, kila mvua ikila ukingo mwingine. Na usioopolewa hapa unasafiri mpaka bondeni, mto unapopoteza kasi, unatulia huko na kuujaza mkondo. Kwa hiyo mchanga una hadithi mbili. Wachimbaji wanaharibu kingo, na wakati huohuo wanaondoa mzigo ambao ungeziba mto kule chini. Dawa yake inajulikana: kuwe na maeneo maalumu ya kunasia mchanga, mto upanuliwe na kupunguzwa kasi hapo, na vijana hawa hawa wachimbe hapo tu, kwa kibali, kwa kina kilichopimwa. Wangepata riziki na kingo zingepona. Sioni sababu ya kuwakimbiza kwa mgambo wakati wanajua tabia ya mchanga kuliko mtu yeyote ofisini.

Ulongoni tulivuka daraja. Madaraja ya hapa yaliwahi kuchukuliwa na maji, na wakazi walikaa muda mrefu wakivuka kwa kubahatisha. Pembeni nyumba moja imebaki nusu: chumba kimoja kina pazia na kitanda, cha pili kimekwenda na mto, na rangi ya buluu ya ukuta wake inatazama korongo. Mwenye nyumba amepanda matete na michongoma mstari mmoja ukingoni, na amepanga viroba vya mchanga chini yake. Mdogo wangu alimshauri apande majani ya vetiva, ambayo mizizi yake hushuka mita mbili tatu na kuushika udongo, na ayapande kwa mistari inayokata mteremko. Akatuuliza yanauzwa wapi. Tulimwelekeza kwa wauza miche wa barabarani.

Jumatano. Kinyerezi na Segerea

Leo nilielewa zaidi kuliko siku nyingine zote, kwa sababu mvua ilinyesha.

Tulifikia kwa mama mkubwa, Segerea, kwenye mteremko unaotazama bonde. Zamani nilipokuwa nakuja likizo uwanja wake ulikuwa mchanga, na asubuhi kazi yetu ilikuwa kuufagia. Sasa wote umetandikwa vitofali vya pavingi, kutoka barazani hadi getini. Majirani wake wamefanya vivyo hivyo. Siwalaumu hata kidogo. Vumbi linachosha, tope linachosha, na uwanja wa pavingi unapendeza. Lakini hesabu yake ni lazima ijulikane.

Saa tisa alasiri mawingu yalifunga. Mdogo wangu alichukua kopo tupu la maziwa lenye ukuta ulionyooka, akaliweka juu ya ukuta mbali na mti na paa. Mvua ikashuka. Mvua ya Dar es Salaam haina utangulizi. Ilipiga kama dakika 45, kisha ikakatika, jua likatoka.

Tulipima kopo kwa rula: milimita 38. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hesabu inapigika kichwani. Paa la mama mkubwa ni mita 12 kwa 10, na paa hilo peke yake lilipokea lita 4,560. Kiwanja kizima, mita 20 kwa 30, kilipokea zaidi ya lita 22,000. Simtanki lake la lita 1,000, linalopokea gata la upande mmoja tu, lilijaa kwa dakika kama ishirini na baada ya hapo likawa linafurika. Yote mengine yalitoka getini, kwa kishindo, yakiwa na mifuko ya nailoni na mchanga, yakaingia kwenye mtaro wa uchochoroni ambao tayari ulikuwa umejaa ya jirani wa juu.

Nyumba ya tatu kutoka kwake anaishi mwalimu mstaafu. Getini kwake kulitoka mchirizi tu, tena maji safi. Tuliomba kuingia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibuni. Mnatazama mvua?"

Uwanja wake una njia mbili nyembamba za pavingi kwa ajili ya matairi ya gari, na katikati yake nyasi. Kuna mwembe, na mparachichi mchanga. Maji ya paa yanaingia kwenye tangi, na tangi likijaa yanashuka kwa bomba hadi bonde dogo la nyasi aliloliinamisha kando ya ukuta, lenye kina kama cha goti. Mwisho wa bonde hilo, sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, kuna shimo alilojaza mawe makubwa, kisha kokoto, kisha mchanga. Bonde lilikuwa limejaa maji tulipofika. Tulikaa tukanywa chai ya tangawizi, na kabla hatujaaga maji yalikuwa yameshuka nusu.

Nilimuuliza kama alifanya hivi kwa kuujali mto. Akasema hapana. Alichoka kugombana na jirani wa chini, ambaye msingi wake ulikuwa unachimbika kila masika. Walifikishana hadi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na huko ndiko alikoahidi kuyamaliza maji yake ndani ya ukuta wake. Alitusisitizia jambo moja: shimo kama hilo likae mbali na msingi wa nyumba na mbali na karo la choo, vinginevyo utatatua tatizo la jirani na kujitengenezea la kwako.

Nimesoma kwamba Ujerumani mwenye nyumba hutozwa ada ya maji ya mvua kulingana na ukubwa wa eneo alilolifunika, na anayeyaacha yapenye ardhini hupunguziwa. Sisi hatujafika huko, na sitaki tuanze na tozo. Lakini kibali cha ujenzi kinaweza kuuliza swali moja kabla ya mengine: maji ya paa hili yanakwenda wapi?

Baada ya chai tulikimbia kwenda mtoni. Tulifika kama saa moja baada ya mvua kukatika. Jua linawaka, watoto wameshatoka kucheza, nguo zimeanikwa tena, na mto ndiyo kwanza unapanda. Ulikuwa wa kahawia, na ndani yake vyandarua, ndala, shina la mgomba. Kivuko cha mbao ambacho asubuhi kilikuwa juu sana kilifunikwa mbele ya macho yetu. Kwa msitu wa Pugu mvua ya Desemba inatoka Machi. Kwa mapaa na pavingi za Segerea, mvua ya saa tisa iko mtoni kabla ya saa kumi na moja. Kinachoua watu Jangwani ni tofauti hiyo ya muda. Kiasi cha mvua kinafuata nyuma yake.

Alhamisi. Tabata hadi Vingunguti

Siku fupi kwa sababu ya tope, na nzito kwa sababu ya harufu.

Mvua ya jana iliwapa baadhi ya watu nafasi ya kutapisha vyoo. Asiyejua, ni hivi: karo likijaa na huna hela ya gari la kunyonya, au gari haliwezi kuingia uchochoroni, unasubiri mvua kubwa, unatoboa karo, na mvua inakubebea. Tuliona mabomba yaliyoachwa wazi kuelekea mtoni na athari zake kingoni. Chini kidogo, kwenye tambarare nzuri yenye udongo mweusi, kina mama walikuwa wanamwagilia mchicha na matembele kwa ndoo, maji ya mto huohuo. Mchicha ule unauzwa jiji zima, nami nimeula.

Bustani hizi zina thamani kubwa. Ni ardhi iliyo wazi inayopokea mafuriko bila kupoteza maisha ya mtu, na inalisha familia. Nikipewa mamlaka sitaziondoa. Lakini hakuna bonde la nyasi wala ardhioevu litakalofanya kazi yake vizuri ikiwa linapokea majitaka mabichi, na bustani ya jiji inayonuka haitatembelewa na mtu. Mabwawa ya kutibu majitaka ya Vingunguti yako hapohapo karibu. Kinachokosekana ni njia ya bei nafuu ya kuyafikisha majitaka huko kutoka kwenye vichochoro. Tulikutana na vijana wanaonyonya vyoo kwa pampu ya mkono na kubeba mapipa kwa guta, na bei yao ni ndogo kuliko ya gari. Mtu anayepanga kuokoa Msimbazi aanze kwa kuwapa vijana hao guta zaidi na mahali pa karibu pa kumwaga.

Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu ramani ya eneo hili yenye kila nyumba, kila mtaro, kila kalavati. Imetokana na kazi ya Ramani Huria, iliyoanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zenye mafuriko walipita uchochoro kwa uchochoro wakichora na kuuliza, "Maji yalifika hapa? Yalifika kimo gani?" Wakazi walionyesha kwa mkono ukutani. Ramani ya namna hiyo haitoki kwenye ndege.

Ijumaa. Kigogo, Mchikichini, Jangwani

Bonde hapa linafunguka, mto unapoteza haraka yake, na kila ulichobeba unakitua. Mchanga wa Pugu na Ulongoni uko hapa. Mahali pengine mkondo umejaa kiasi kwamba maji yanatembea karibu sawa na ardhi ya pembeni.

Ramani Kuu ya jiji ya 1979 iliyahesabu mabonde kama haya kuwa ardhi hatarishi. Watu walijenga hata hivyo, kwa sababu Kariakoo iko hapo juu, kibarua kiko hapo, na kodi ya chumba ilikuwa ndogo. Desemba 2011 ilinyesha mvua nzito kuliko zote kwa miaka 57. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini, na baadhi ya waliokosa makazi wakapelekwa Mabwepande. Aprili 2018 maji yalirudi, na hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 100.

Baada ya swala ya Ijumaa tulizungumza na mzee aliyewahi kupanga chumba Mchikichini na ambaye bado anarudi kuswali huku.

"Usiku ule wa 2011, baba, uliamshwa na mvua?"

"Hapana mwanangu. Mvua ilikuwa imeshapungua, tukasema tumepona. Maji ndiyo yakaja. Nilimpandisha mke wangu kwenye paa, nikampa mjukuu, mimi nikashika nondo ya dirisha mpaka alfajiri."

Alitaja majirani zake wa zamani na walikohamia. Wawili wako Ulongoni, ukingoni mwa mto huohuo. Niliandika jina la Ulongoni mara mbili kwenye daftari, nikalizungushia.

Mabadiliko yanaonekana. Mwaka 2018 wataalamu, maofisa na wakazi walikaa kwa miezi kadhaa kuchora mpango wa bonde zima. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200, na Uhispania na Uholanzi zikaongeza zao. Mpango ni kuupa mto nafasi: kupanua na kuchimba mkondo wa chini, kuhamisha wanaoishi ndani ya bonde, kuinua barabara kwa daraja jipya la mita 390 hapa Jangwani, kujaza udongo pembezoni kwa ajili ya majengo yaliyo salama, na katikati kuacha bustani kubwa ya jiji ambayo mvua ikiwa kubwa inakubali kufunikwa na maji. Watoto wa Jangwani wamecheza mpira kwenye tambarare hii miaka yote, na uwanja wa Kaunda wa Yanga ni jirani. Kwa hiyo kiwanja kinachochezewa wakati wa kiangazi na kugeuka bwawa wakati wa masika si jambo geni kwetu. Sasa linapewa kuta, ngazi na milango ya maji.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walifanya hivyo baada ya kuumia. Tarehe 2 Julai 2011 ilinyesha zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu, na hasara ikafika karibu dola bilioni moja. Mwaka uliofuata wakatoa mpango wa miradi kama 300 ya miaka 20: barabara zenye mabonde ya nyasi, viwanja vilivyoshushwa, bustani zinazobeba maji. Bustani ya Enghaveparken peke yake inaweza kushika mita za ujazo 22,600. Jambo ninalolipenda kwenye mpango wao ni wingi wa vitu vidogo. Bustani kubwa ni moja tu kati ya mamia.

Hofu yangu kwa Jangwani iko hapo. Bustani ya bondeni ndiyo itakayopigwa picha na kuzinduliwa. Nayo itapokea kila mwaka kile ambacho Kinyerezi, Segerea, Bonyokwa na Tabata zitaendelea kukiteremsha, na mapaa huko yanaongezeka kila mwezi. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012 na 5,383,728 kwenye ile ya 2022. Mkondo uliochimbwa leo kwa kipimo cha leo utakuwa mdogo, kama juu hapatashikwa.

Jumamosi. Hananasif hadi Salenda

Mto Ng'ombe, unaotoka Sinza na Tandale, unakutana na Msimbazi upande huu wa Hananasif. Sehemu zake zimejengewa kuta na sakafu. Kwa wakazi wa Tandale waliokuwa wanaogelea ndani ya vyumba vyao kila masika ni nafuu kubwa, na sitamwambia mtu wa Tandale kwamba zege ni baya. Ila mfereji laini hufikisha maji haraka zaidi mahali mito miwili inapokutana. Singapore waliona hivyo hivyo, na kati ya 2009 na 2012, kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, waliuvunja mfereji wa zege wa mto Kallang wenye kilomita 2.7 wakaugeuza mto wa kilomita 3 unaopinda, wenye kingo za mawe na mimea. Wao walikuwa na bustani kando ya mfereji. Tandale ina nyumba pande zote mbili. Suluhisho la huku liko juu zaidi, kwenye shule, misikiti, makanisa, masoko na stendi zenye mapaa makubwa na viwanja vya umma.

Salenda tulifika saa nne asubuhi, maji yakiwa yanapwa. Mvuvi mmoja alituruhusu kushuka naye kando ya mikoko. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, ulitangulia, na chini yake mizizi ya kupumulia imechomoza kwenye tope kwa maelfu, kila mmoja unene wa penseli. Juu ya mizizi hiyo zimenasa mifuko, chupa, nyuzi za mifagio, kofia ya mtoto. Kati ya mizizi mchanga umepungua kasi na kutua, na vijikaa vidogo vinaingia na kutoka kwenye matundu yao. Mikoko hii inavunja mawimbi yanayotoka baharini na inachuja kinachotoka mjini, kwa wakati mmoja, huku nyuma yake magari yakipita daraja la Salenda na mbele yake likionekana daraja la Tanzanite.

Mvuvi alitueleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria vya kutosha.

"Mvua kubwa si tatizo kama bahari imekupwa. Tatizo ni mvua kubwa ikutane na bamvua, bahari imejaa."

Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, maji hapa hupanda zaidi ya mita 3. Bahari ikijaa, mto hauna pa kwenda, unasimama na kurudi nyuma kuelekea Muhimbili, Jangwani na Kigogo. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita hivi. Saa hizo sita ndizo jiji lote linazozitafuta. Maji ya Segerea yanayofika kwa saa mbili yakicheleweshwa mpaka bahari ipwe, yatapita chini ya daraja hili bila kumgusa mtu.

Tulikaa kwenye ukuta, mdogo wangu akatoa daftari. Chukua nyumba ya mama mkubwa, alisema, umwongezee tangi la lita 5,000. Nusu ya chini ni yake ya kufulia na kumwagilia. Nusu ya juu ibaki tupu wakati wote wa masika: toboa katikati ya tangi, weka bomba la nusu inchi lenye koki iliyofunguliwa kidogo, maji yatoke kwa wastani lita saba kwa dakika. Lita 2,500 zitamalizika kwa saa sita. Nyumba 10,000 za namna hiyo ni mita za ujazo 25,000, zaidi ya inavyobeba ile bustani ya Copenhagen, na hakuna aliyehamishwa. Swali ni nani alipie, na kwa maoni yangu sehemu ya fedha za bonde ipande mlimani kulipia matangi hayo, kwa sababu anayeokolewa nayo ni mtu wa Mchikichini.

Alimtumia mama mkubwa mchoro kwa WhatsApp palepale, akamweleza kwa sauti namna koki inavyokaa. Jibu lilifika kabla hatujavuka barabara kwenda kituoni. Tangi ataliwazia, ila anataka kwanza gata la upande wa pili wa nyumba, na aliuliza mita moja ni shilingi ngapi.